Ndoo ya Hamira

"Hivi, mwenzangu Afra, kaka yako siku hizi anapika bia au anapika siki?"

Jirani yetu Kreszenz aliniuliza hivyo juu ya uzio, mbele ya wanawake wengine watatu. Nilikuwa nimetoka kupokea Komunyo, sikutaka kuuchafua ulimi asubuhi ile ile.

Lakini alikuwa na haki ya kuuliza. Mwezi wa pili mzima, kila baa ya Milwaukee tuliyoipelekea bia iliturudishia mapipa, bia imechacha. Kaka yangu Korbinian akalaumu maji. Akalaumu barafu ya ziwani tunayopozea bia. Akalaumu mapipa, ambayo marehemu mume wangu aliyaunda kwa mikono yake, Mungu amrehemu. Mwisho akalaumu mkate wangu.

"Unaumua unga karibu mno na ngazi ya pango la kuhifadhia bia, uchachu wake unashuka humo."

"Nauumulia hapo mwaka wa kumi na moja, kaka."

"Ubaya hujikusanya kidogo kidogo."

Mtaa mzima ulijua kwamba hamira yake ya bia ndiyo iliyoharibika. Dawa yake ni ndoo ya hamira iliyo hai kutoka kwa mpika bia mwingine, na wapika bia wetu hawanyimani, hata wakiwa maadui. Ila mwenye hamira kama yetu alikuwa Ludger Hemmerle tu, ng'ambo ya mto. Na huyo, Korbinian alishamwambia mbele ya kwaya nzima kwamba bia yake iliyochanganywa mahindi ni maji ya nguruwe.

Baridi ilikuwa inakwisha. Bia yetu huiva kwenye baridi tu; tusingepika kabla ya Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, katikati ya mwezi wa tatu, tusingekuwa na bia ya kiangazi, na kiwanda alichokijenga Korbinian tangu tuhamie huku kwa meli kingefungwa. Nikajitwika aibu, nikaenda mwenyewe na ndoo.

Ludger alinipa kiti. "Dada Afra, hamira simnyimi mtu. Lakini ndoo huja na mwenye bia. Aje, anywe kikombe kimoja cha bia yangu ya mahindi, akimalize, achukue hamira aende zake."

Nikarudi na ndoo tupu, nikamweleza Korbinian.

"Mahindi ni ya kuku," akasema.

"Na siki ni ya kuchachulia kabichi. Umetupikia ya kutosha kabichi ya mji mzima."

Siku tatu akashinda anasugua mapipa yale yale, akiyatukana. Mimi nilisali rozari hadi shanga zikapata moto, maana nilikuwa na maneno mengine mdomoni. Siku ya nne, mchana, nikaweka ndoo mezani, pale panapokaa sahani yake.

"Chakula changu kiko wapi?"

"Kiko ng'ambo ya mto."

"Afra, mimi nimefundishwa na baba, na baba alifundishwa na babu. Shayiri, maua machungu ya hopsi, maji, hamira. Basi. Sinywi mahindi."

"Shayiri unayo. Maua unayo. Maji unayo. Kilichobaki hesabu mwenyewe."

Akaipindua ndoo, akaikagua chini.

"Ina kutu."

"Nimeisugua."

"Njiani kuna matope."

"Viatu vyako viko mlangoni, nimevipaka mafuta."

Akavaa kofia yake ya Jumapili, na siku yenyewe ilikuwa Jumanne, akaishika ndoo kwa mpini, akatoka, akashika njia ya mtoni.