Mchanga wa Gofu Kwenye Ulezi

Adriano wa Pito alikuwa na vitu vingi asivyovipenda, lakini mchanga kwenye chakula ndio ulikuwa unamtia kinyaa kuliko vyote. Na mwaka huo aliula.

Ilikuwa hivi. Juu ya kile kilima cha nyumbani kwake, pale mgongoni ambapo upepo unapita bila hodi, kulikuwa na kiwanja cha kupuria ulezi alichoachiwa na baba yake. Mkewe Kalista alikuwa anakisiriba mavi ya ng'ombe kila msimu mpaka kinateleza. Kalista ana vidonda vya tumbo, miaka sasa. Ugali wa mahindi unamuunguza, kwa hiyo ulezi wa hapo ndio chakula chake mwaka mzima. Hana kingine.

Sasa mwezi wa nne akaja Ambilikile, kijana wa Mbeya, fundi wa kuchora viwanja vya gofu. Mkutano wa kijiji ulishampa mwekezaji, bosi wake, kilima, kiwanja cha kupuria cha Adriano kikaachwa katikati. Kijana ana adabu, shikamoo yake ya kuinama kabisa, ila alipofika pale akaziba pua, akauliza hivi kweli chakula kinamwagwa juu ya mavi. Adriano akamwonyesha mtelemko, akamwambia upande wa mashariki asichimbe yale mashimo yake ya mchanga ya kutegea mipira ya gofu, maana mwezi wa saba upepo wa huku unang'oa bati. Ambilikile akacheka kidogo, akasema upepo ameshaupima, ni wa kawaida. Ameupima mwezi wa nne, mvua bado inanyesha, upepo umelala zake!

Akachimba. Mchanga ukaletwa na malori kutoka Wampembe kule ziwani, mweupe, laini, wa kuwapendeza wachezaji.

Mwezi wa saba Adriano na Kalista wakapura, wakaanza kupeperusha. Ungo juu, upepo ukaja, makapi yakaenda. Mara wingu jeupe likapanda mtelemko, likawafunika, likatua kwenye ulezi wote. Punje ya ulezi na punje ya mchanga zinalingana. Uoshe, utikise, hazitengani. Walihangaika siku mbili.

Jumapili baada ya misa Adriano akamkaribisha Ambilikile. Kalista akasonga ugali wa ulezi uleule, na maharage. Mgeni akamega, akatafuna, akaacha kutafuna. Kutema mbele ya wazee hawezi, kumeza hawezi. Jasho likamtoka. Adriano naye akawa anatafuna taratibu, anamwangalia.

"Mama yako huyu anakula hiki mpaka msimu ujao," akasema.

Ambilikile akameza, machozi yakamlengalenga. Akasema kesho yake atafukia mashimo yote ya mashariki apande nyasi, mchanga auteremshe nyuma ya kilima kusikopigwa upepo, na ulezi mwingine yeye mwenyewe ataufuata huko Kasense.

"Na bosi wako akikataa?"

"Nitamleta hapa, baba, na yeye ale."

Kalista akacheka, mkono tumboni. Adriano hakucheka. Ulimi wake ulikuwa bado unaokota chembe kwenye magego. Akatoka nje na kikombe cha maji, akasukutua, akatema, akasukutua tena, akatema, na bado akausikia ule mchanga.