Mhuri Ndani ya Mkoba

…eti haraka binti, saa kumi wanafunga, binti, anaita hivyo kila mwanamke aliyekaa nyuma ya meza, wala hajainua uso, ameegemeza kiwiko kwenye kaunta ya kioo juu ya kalamu na rula, anapekua simu, na mimi vidole vimeganda kwenye kibodi kwa sababu sauti hiyo ningeitambua hata usingizini, ni yeye, Mzee Mhuri, jina tulilompa sisi wa masjala kwa kuwa mhuri wa ofisi alikuwa hauachi mezani hata akienda kunawa mikono, anautia mkobani, mkoba anaubana kwapani, na mkoba ndio uleule, zipu ileile yenye pengo, miaka minne imepita na mkoba hajabadilisha, na hanijui, hanijui kabisa, nimemfanyia kazi miaka mitatu ya kujitolea, nimepanga majalada yake toka chini hadi darini, na leo anasimama mbele yangu kwenye duka la fotokopi ananiambia haraka binti. Nataipu. Nimepewa karatasi ya mkono, wasifu wa binti yake, yuko hapa pembeni yake, amekumbatia bahasha ya vyeti kifuani na macho yake hayabanduki kwenye saa ya ukutani, saa nane na nusu, na kazi wanayokimbilia naijua, nani haijui hapa mjini, tangazo nimelitolea nakala mimi mwenyewe tangu Jumatatu mpaka mashine ikapata homa, karani wa kumbukumbu hospitali kuu, nafasi moja, moja tu, umri mwisho miaka thelathini, uzoefu wa miaka mitatu uthibitishwe kwa barua yenye saini na mhuri, na mimi mwezi ujao naingia thelathini na moja, hii ndiyo ya mwisho, bahasha yangu iko kwenye droo hapa chini ya goti langu, ina kila kitu isipokuwa hiyo barua, na barua sina kwa sababu ya huyu huyu, nilimfuata ofisini siku ile waliyonitoa, nikamwomba kwa adabu zote, mzee nisaidie barua tu, nikatafute kwingine, akacheka kidogo kwa pua, akasema wewe hukuwa kwenye orodha ya mshahara, sasa nithibitishe nini, nithibitishe kivuli?

Kivuli. Basi kivuli leo kina kibodi, mzee, umeingia kwenye anga zangu kwa miguu yako mwenyewe. Naanza na jina la binti, naandika vizuri, jina halina haja ya kuguswa, shule, mwaka, daraja, msichana amefaulu huyu, amenizidi hisabati, naandika, halafu namba ya simu, na hapo mkono unatulia, namba inaishia na tatu, na tatu ukiifunga mdomo inakuwa nane, basi, nane, nani ataona, hospitali watapiga simu wiki ijayo, atapokea fundi baiskeli huko, au bibi wa watu, atasema hamjui, watakata, watakwenda kwa anayefuata, na huyu msichana atakaa na simu mkononi mwezi mzima akiichaji kila asubuhi kama nilivyoichaji mimi, atatoka nje kutafuta mtandao, na baba yake atamwambia subira yavuta heri, kama alivyoniambia mimi, mwaka wa kwanza subira yavuta heri, mwaka wa pili subira yavuta heri, nafasi ikitoka ni yako binti, mwaka wa tatu nafasi ikatoka kweli, tukaletewa msichana mwenye kucha ndefu za kubandika, tukamwita Bi Kucha, nikaambiwa nimfundishe, na nikamfundisha, mjinga mimi, namba za majalada, rangi za kamba, barua zipi zinakwenda juu na zipi zinakufa mezani, wiki mbili, hata akiogopa kufungua makabati ya chuma kwa ajili ya kucha zake nilimfungulia, nilidhani tutakuwa wawili, Ijumaa Mzee Mhuri akapita na mkoba wake akasema wewe sasa unaweza kupumzika. Kupumzika! Mama alikuwa ananipigia pasi blauzi nyeupe tano kila Jumapili, anawaambia majirani mwanangu yuko ofisini, alikuwa hasemi nalipwa wala silipwi, anasema ofisini, na blauzi moja mpaka leo iko kabatini kwake ndani ya nailoni, nikiigusa ananigombeza, iache hiyo, ni ya kazini. Nane. Nimeiandika, iko pale kwenye kioo cha kompyuta inaningoja, na roho yangu nyeupe, nasema kweli, sijapata utamu huu tangu mwaka uingie, atakiona cha mtema kuni na hatajua hata kuni zimetoka msitu gani. Nabonyeza kuchapa. Printa ya tajiri wangu, mwenye duka, ni ya zamani, inapiga chafya kwanza, inafikiri, halafu ndiyo inavuta karatasi, tajiri anasema itanunuliwa nyingine mwisho wa mwezi, hakusema mwezi wa mwaka gani.

Baba na mwana wananong'ona, wanadhani printa inawaficha, lakini hapa dukani nimejifunza kusikia kupitia kelele, msichana anasema baba, kwenye uzoefu nimeandika ukweli, kujitolea, miaka mitatu na miezi miwili, baba anasema ungeandika kazi, nani atakuuliza, msichana anasema wataniuliza nililipwa na nani, na baba anarudi kwenye simu yake, na mimi nimenyanyua masikio yote mawili, kujitolea? binti wa Mzee Mhuri anajitolea? narudi kwenye karatasi yake ya mkono, kweli, ofisi ya vipimo vya ardhi, masjala, kujitolea, hadi sasa, sikuwa nimefika hapo kwa akili, nilitaipu kwa vidole tu huku nikishangilia nane yangu. Msichana anasema rafiki yako, yule bosi wa pale, si alisema nafasi ikitoka ni yangu. Kastaafu yule, anasema baba. Najua kastaafu baba, na huyu aliyekaa kwenye kiti chake ananiambia hana habari na mimi, hata ile barua ya uzoefu kaniandikia kwa sababu ya mama mfagizi aliyemlilia. Na Mzee Mhuri anaweka simu chini, kwa mara ya kwanza tangu aingie, sauti inashuka, nilimpokea mpwa wake bila swali mwanangu, siku ileile aliyoniomba, tena pale ofisini kwangu palikuwa na mtu anangoja, miaka, nikamweka pembeni, kwa ajili yako, mtu mzima alinipa neno lake, nimpokee wa kwake apokee wa kwangu, unataka nifanye nini tena.

Palikuwa na mtu. Mtu ndiye mimi, na mpwa ndiye Bi Kucha. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa, miaka minne nimekuwa nikiiuliza dari kwa nini, nimekosea wapi, labda nilichelewa siku ile ya mvua, labda nilijibu vibaya, labda Bi Kucha alitoa kitu, kumbe nilitolewa mimi, mimi ndiye niliyetolewa, walibadilishana watoto wa watu, nikune nikukune, halafu mwenzake akaondoka na mkono wake kabla ya kumkuna. Ningecheka. Mchimba kisima huingia mwenyewe, hakuna hata haja ya nane yangu, kazi imeshafanywa, tena na mwingine, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba hata kisasi changu kimepewa mtu mwingine… Dada. Ananiita msichana. Dada samahani, ameshika ukurasa wa kwanza, bado una joto, kidole chake kiko kwenye namba, hapa mwisho ni tatu, halafu kabla sijafungua mdomo anasema samahani sana, mwandiko wangu ni mbaya, hata shuleni walinisema, na namtazama mwandiko wake pale mezani, tatu yake imesimama wazi kabisa, asiyejua kusoma angeisoma, ananiomba msamaha kwa kosa langu, na sauti hiyo naijua, ndiyo sauti yangu ya masjala, nilikuwa naomba msamaha jalada likipotea mikononi mwa mtu mwingine, naomba msamaha chai ikipoa, ukikaa kwa watu bila mshahara unajifunza kuomba msamaha kwa kuwepo, miaka mitatu na miezi miwili, kanizidi miezi miwili. Nasema hapana mdogo wangu, kosa ni langu. Narudisha tatu. Inauma, sidanganyi, si kwamba moyo umelainika, moyo uko palepale na hasira yake yote, ila nimeona nilikuwa nimeushika mguu wa meza nikidhani ni wa huyu mzee.

Haraka binti, anasema, na vile vyeti toa nakala nigonge mhuri hapa hapa, na anaufungua mkoba. Zipu inakwama kwenye pengo, analamba kidole, anaivuta, na huu hapa, kishikio cha mbao kilichopasuka, kopo la wino, mhuri wenyewe, wa ofisi nzima, uko kwenye kaunta ya tajiri wangu kati ya gundi na stepla. Natoa nakala za vyeti, moja, mbili, tatu, mashine inaangaza mwanga wake wa kijani, nne, na kichwa changu kimekuwa chepesi, kwa sababu kuna jambo moja mimi nalijua duniani kuliko mtu yeyote, namjua huyu mzee anavyotia saini. Hasomi. Hajawahi kusoma. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea rundo asubuhi, nafungua kona ya karatasi kwa vidole viwili, anasaini, nafungua inayofuata, anasaini, macho yako dirishani au kwenye simu, alikuwa anausubiri mkono wangu tu, uso wangu hakuwahi kuuhitaji, siku moja nilimwekea orodha ya mashindano ya bao ya walinzi akaipitisha, akagonga na mhuri. Tano. Barua yangu iko kwenye kompyuta hii, faili nimeliita mapishi tajiri asilifungue, kila Januari nabadilisha mwaka, hii ni kuthibitisha kwamba aliyetajwa alifanya kazi ya kujitolea masjala kwa miaka mitatu kwa bidii na uaminifu, hakuna neno hata moja la uongo humo, uongo ni kivuli. Nabonyeza. Printa inapiga chafya, inafikiri, sasa hivi usifikiri sana mama, inavuta, inatoa, naiingiza katikati, chini ya cheti cha kidato cha nne, juu ya cheti cha kuzaliwa, napiga rundo mezani likae sawa. Msichana anasogea kupanga pamoja nami, anahesabu kwa midomo, anafika kwenye yangu, anasimama. Anasoma. Ni mtu wa masjala, wa masjala husoma. Anaona jina si lake, anaona ofisi ya baba yake, miaka mitatu, kujitolea, anainua macho ananitazama usoni, na mimi sishushi yangu, sema basi, sema baba angalia, nafasi ni moja, bahasha yangu iko kwenye droo na wewe si mjinga. Anaziba mdomo wa bahasha yake kwa kiganja, anairudisha karatasi palepale ilipokuwa, katikati, anainyoosha kona.

Haraka jamani, anasema Mzee Mhuri, simu mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, wapi? Hapa mzee, nasema, nafungua kona kwa vidole viwili, hajainua uso, anasaini, na hapa, anasaini, anapumulia mhuri kama zamani, anagonga, na hapa, na mkono wake umeshaukumbuka wangu hata kama yeye hanikumbuki, unanifuata wenyewe kutoka kona hadi kona, umetulia, kama una furaha, na hapa mzee, nasema, na hapa…