Msomaji wa Chumba cha Pasi

Kila jioni, tamthilia ya majirani na siri zao ilipoanza kwenye runinga, pasi katika chumba cha dobi zilipunguza mwendo, lakini hazikusimama. Wahusika walizungumza lugha ya kigeni, na tafsiri ya maneno yao ilipita chini ya skrini. Wapiga pasi hawakuthubutu kuinua macho, wasije wakaunguza nguo za watu. Ndiyo maana Bi Miwani, aliyeketi pembeni akirudishia vifungo vilivyokatika, alipewa kazi ya kuwasomea.

Tatizo ni kwamba Bi Miwani hakujua kusoma. Miwani ile ilikuwa ya kutungia uzi tu. Siku ya kwanza aliona haya kusema, akabuni maneno yake. Tangu hapo hakuwa na njia ya kurudi nyuma. Kwa kinywa chake, mzee mwenye mvi alikwisha kumpa mimba mjane wa nyumba ya pili, na mtaa mzima haukuwa na usingizi.

Jioni moja akaingia nesi, mpangaji mpya wa nyumba ya mkabala, kuchukua sare yake. Alipoona tamthilia, alivuta kigoda, akakaza macho kwenye skrini. Bi Miwani akahisi sindano ikimteleza vidoleni. Akajikohoza, akadai sauti imemkauka.

“Basi tusomee wewe, nesi,” alisema wifi wa Bi Miwani, mwenye duka hilo la dobi, naye akipiga pasi.

Nesi akasoma. Mzee alikuwa akimlalamikia mjane kuhusu ukuta uliovuka mpaka. Kisha wakajadili matofali, kwa kirefu.

Wifi akasimamisha pasi hewani. “Matofali? Na mimba je?”

Nesi akamgeukia Bi Miwani, aliyekuwa ameinamia kifungo kilichokwisha kushonwa zamani.

“Macho yangu yamechoka na zamu,” nesi alisema taratibu. “Nadhani nimeruka mistari. Mama, sauti ikirudi, endelea wewe.”

Sauti ikarudi papo hapo. Kumbe mjane aliujenga ukuta ule ili kuficha tumbo. Pasi zikateleza kwa raha.

Baadaye Bi Miwani alimsindikiza nesi hadi mlangoni, akaona heri aibu iishe. “Mwanangu, mimi kusoma sijui.”

“Nimeshajua, mama,” nesi alijibu, akimsogelea sikioni. “Mimi nauliza habari za mtoto. Atafanana na mzee?”