Bangi ya Mke wa Shemasi

Baada ya mzunguko wa pili wa dawa za saratani, mdogo wangu Justina alitapika mpaka ikawa inatoka nyongo tupu.

"Wa tatu ukiwa hivi, wa nne siendi, dada," akaniambia. "Bora nife nimeshiba."

Namjua. Akishasema siendi, hata ng'ombe wote wa jimbo letu la Manitoba wamvute, hatoki.

Daktari akamwongezea kidonge cha mafuta ya bangi. Akasisitiza kwamba zile dawa za mwanzo za kuzuia kutapika zisiachwe. Hiki kinaongezwa juu ya hizo, zote zimezwe pamoja kabla ya dripu. Bangi huku kwetu inauzwa dukani kihalali, jirani na duka la mbegu, ila sisi Wamenno, Wakristo wa desturi kali, tukifika hapo tunavuka barabara.

Mzunguko wa tatu ukaja, akatapika vilevile. Nikitafuta kitambaa cha kukaushia vyombo, nikakuta chupa ya vidonge vya bangi ndani ya droo. Haijafunguliwa.

"Tina, hii nini?"

"Si umeshaiona."

"Daktari anajua unameza."

"Hakuniuliza." Akageukia ukutani. "Jumapili ni Meza ya Bwana. Jumamosi kila mtu atasimama kanisani aungame aliyo nayo moyoni. Mimi mke wa shemasi, nisimame niseme nakula bangi?"

"Sema. Neta Dyck pale kanisani anakiri umbea kila mwaka, na umbea bado anao. Nani kamfukuza?"

"Usinichekeshe, dada. Nikicheka natapika."

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mzaha ukaniishia hapohapo.

Cornelius, mumewe, alikuwa amesimama mlangoni na buti za zizini mkononi. Huyu maneno humtoka kwa kukamuliwa. Akaitazama chupa, akamtazama mkewe, akarudi zizini. Nikajua ameudhika.

Jumamosi kanisani akasimama kabla ya watu wote.

"Mke wangu ameandikiwa bangi na daktari, pamoja na dawa nyingine. Atameza. Mwenye neno asimwendee yeye, aje kwangu."

Akakaa. Halafu Neta, kutoka benchi la nyuma, akauliza kama inafaa hata kwa magoti. Mhubiri akakohoa, akataja wimbo.

Siku ya mzunguko wa nne nikamkuta Justina ameshavaa koti.

"Nakwenda kwa ajili ya huyu," akasema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Nikitapika, basi tena. Msinibembeleze."

Tukakubali. Akameza dawa zote, nikimtazama.

Kizunguzungu kilimshika, akaniuliza kwa nini pazia linatembea. Akalala. Alipoamka kichefuchefu kikaja. Nikaona anavyomeza mate, na Cornelius amemshikia beseni chini ya kidevu. Tukangoja. Hakikutoka kitu. Jioni akanywa vijiko vichache vya supu ya kabichi, vikatulia tumboni.

Saratani bado imo. Juu ya hiyo vidonge havikuahidi lolote, na kati yetu hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Weka hilo beseni chini, Cornelius," akasema, macho kayafumba. "Utakufa ganzi." Nikadhani amelala. "Dada."

"Nipo."

"Wa tano unipeleke wewe. Huyu anaendesha kama kabeba mayai."