Omena Iliyonyeshewa

Shule ilianza kunuka tukiwa bado barabarani. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wametutangulia, vyoo ni vinne, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vimejaa maji ya mvua mpaka vikaanza kurudisha vilichopewa. Nilikuwa nimebeba sufuria kichwani na mjukuu wangu Debra mgongoni. Mkwe wangu Benta alikuwa na godoro lililolowa, linachuruzika maji ya rangi ya chai. Ziwa lilikuwa limeingia kwetu Jumapili asubuhi tukiwa kanisani. Tuliporudi tulikuta kuku wamekaa juu ya paa la jikoni na kambale anazunguka chini ya meza kama mgeni anayetafuta kiti.

Tulipewa kona ya darasa la nne, chini ya ubao. Juu yake kulikuwa bado na hesabu za kugawanya. Tulikuwa familia sita mle ndani, na asubuhi ukifungua mlango hewa iliyotoka ilikuwa nzito kiasi kwamba ningeweza kuikata kwa kisu. Miguu, nepi, mbuzi wa Mzee Zadock ambaye alikataa kumwacha nje. Basi.

Mimi huku Seme naitwa Nyar Yimbo, binti wa Yimbo, kwa sababu nilizaliwa Usenge, na huko Usenge ndiko mama yangu alikonifundisha kukausha omena, dagaa wetu wa ziwani, kabla sijamaliza darasa la tano. Kazi hiyo ndiyo iliyonilea na ndiyo niliyowalea nayo wanangu. Zamani mvua ilikuwa na adabu. Ilikuja Machi, ikachoka Juni, na hata katikati yake ilinyesha jioni na kutuachia mchana. Ulitandaza omena juu ya nyavu asubuhi, ukaigeuza saa sita, na siku ya pili saa tisa inakatika mkononi kama kijiti, inang'aa. Miaka hii mvua inakuja Januari, inakuja Agosti, inakuja wakati umegeuza tu mgongo. Watu wa redio wanaita mabadiliko ya tabianchi. Sisi wakaushaji tunaita kukosa jua.

Siku ya tatu pale shuleni alikuja nesi, Sista Metrine, mtu wa Kakamega, mdomo mkali lakini mikono laini. Alipima watoto wote wa chini ya miaka mitano kwa ule mkanda wa rangi wanaouzungusha mkononi. Kijani ni mzima, manjano jihadhari, nyekundu ni hospitali. Debra alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Mkanda ulisimama kwenye manjano, karibu kabisa na nyekundu.

"Mama yake ananyonyesha?" Sista aliuliza.

"Maziwa yamekatika," Benta alisema akiangalia chini. "Tangu maji yaingie."

"Na baba?"

"Owiti yuko Obunga, Kisumu. Anabeba mawe kwa wajenzi, siku akipata."

Sista aliandika, kisha akanitazama mimi. Nadhani aliona ndimi mwenye nguvu za kukaa na mtoto. "Shosho, huyu ni wako. Shirika limeleta unga wa lishe, wimbi na omena vimesagwa pamoja. Uji mzito, kikombe kimoja mara tano kwa siku. Akikataa usimwache. Baada ya wiki mbili mkono usipoongezeka, nitampeleka hospitali ya Kombewa, na huko wengine hawarudi wakiwa wamebebwa mgongoni. Umenisikia?"

"Nimesikia, Sista."

Na mimi ni mtu wa subira. Watu wote ufuoni wanajua. Naweza kukaa nikichambua mchanga kwenye omena punje kwa punje wenzangu wakiwa wameshatupa ungo.

Unga ulikuja ukiwa kwenye mifuko ya karatasi, wa rangi ya kijivu. Nilipoukoroga mara ya kwanza ulinuka. Nakumbuka nilisimamisha mwiko. Lakini mle ndani kila kitu kilinuka, mbuzi alinuka, mimi mwenyewe nilinuka, nikajiambia Nyar Yimbo, umezeeka, pua imechanganyikiwa. Nikaendelea kukoroga.

Debra alikataa. Alibana midomo mpaka ikawa mstari. Nikamwimbia, akabana. Nikajipaka uji puani ili acheke, akacheka, na alipocheka nikaingiza kijiko. Akabana tena. Basi nikafanya tulivyofanyiwa sisi. Nilimlaza pajani, nikamziba pua kwa vidole viwili, na alipofungua mdomo kutafuta hewa nikamwagia. Kijiko baada ya kijiko. Alimeza huku akilia. Mara tano kwa siku, siku tisa. Benta alitoka nje kila mara ili asione.

Siku ya nne ya uji tumbo lake lilianza kuendesha. Haja yake ilikuwa maji ya kijani yenye povu, na nepi nilizifua kwa mchanga maana sabuni iliisha. Watoto wengine wa darasa la nne waliharisha pia, na darasa la tatu.

"Ni maji ya kisima," alisema Sista Metrine alipopita. "Chemsheni. Na uji msipunguze hata kidogo, ongezeni."

Nikaongeza.

Siku ya kumi ya uji, kinu cha mashine sokoni, kilichosaga unga wetu, kiliingiwa na maji. Kwa hiyo lori la shirika lilileta omena nzima kwenye magunia ili wanawake tuitwange wenyewe. Walter, mwenyekiti wa kamati ya kambi, aliyasimamia yakishushwa barazani mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Magunia manane. Niliitwa pamoja na akina mama wengine tuje na vinu na michi.

Kabla sijafika barazani nilijua. Hakukuwa na mbuzi pale, hakukuwa na nepi, upepo ulikuwa unatoka ziwani, safi, na katikati yake kulikuwa na ile harufu. Mafuta ya samaki yaliyochacha, na kitu kitamu chini yake, utamu wa kitu kilichokufa. Omena ikinyeshewa ikiwa nusu kavu, tumbo linapasuka, inakuwa ya rangi ya kutu, na nzi wanaingia kabla hujapata turubai. Baadaye hata ukiipiga jua la wiki nzima itakauka lakini haitapona. Kwetu hakuna mwanamke anayeipika. Tunaiita ya kuku. Wanunuzi wa chakula cha mifugo wanaichukua hivyohivyo.

Rachael, jirani yangu wa darasani, alifungua gunia la kwanza. Ndani kulikuwa kunatembea. Si sana. Funza wadogo weupe kwenye pembe za gunia, na unga wa manjano ambao ulikuwa omena zamani.

"Tutapepeta," Rachael alisema. "Wataanguka."

Mimi sikuwa namsikiliza. Nilikuwa nikitazama gunia la tatu. Ufuoni tunashona midomo ya magunia kwa uzi wa nyavu kuukuu, na kila mwanamke ana mshono wake, kama mwandiko. Wangu ni wa mama yangu: mbili mbele, moja nyuma, fundo, mbili mbele. Huku Seme hakuna mwingine anayeshona hivyo. Gunia la tatu lilikuwa limeshonwa mbili mbele, moja nyuma, fundo.

La tano pia.

Ilikuwa wiki moja kabla ya ziwa kupanda. Mvua ilitukuta saa saba mchana, omena ya siku tatu yote juu ya nyavu. Wechuli, mnunuzi wa kutoka Kisumu, alikuja kesho yake na lori, akanusa, akacheka. Nilimwambia hii ni ya kuku tu. Akasema, "Mama, kuku hana pua." Nikashona magunia mawili, akayapandisha. Mwezi ule mvua ilikuwa imekwisha kunichukulia omena mara nne, nami nilitaka auondoe ule uvundo mbele yangu. Sikumuuliza ni kuku gani, wa wapi. Hiyo ndiyo kweli.

Nilikaa chini kwenye ngazi. Niliona vidole vyangu viwili, hivi hivi ninavyoandikia, kwenye pua ya mtoto.

"Nyar Yimbo, inuka utwange!" Rachael aliita. "Ama pua yako imekuwa ya mzungu?"

Wanawake wakacheka. Nikasimama. Nikasema, "Hii hatutwangi."

Walter aligeuka polepole. Ni mtu mnene, ana shati lenye nembo ya shirika na huwa halivui. "Mama, kuna shida?"

"Hii ni omena ya kuku, Walter."

"Mama, tuko kwenye mafuriko. Hapa si hoteli."

"Njoo uangalie."

"Nimeangalia. Kuna wadudu kidogo. Mdudu naye ni nyama." Akaangalia wanawake ili wacheke. Wawili walicheka.

Rachael hakucheka. Alinisogelea. "Sikiza, mama Owiti. Mtoto wangu hajala tangu jana jioni. Magunia haya yakirudi, leo atakula nini? Maneno yako?"

Nilifanya kitu cha kijinga. Niliingiza mkono kwenye gunia langu, nikachota, nikamwaga uani. Kuku wa mwalimu mkuu walitoka chini ya tangi la maji, wakatoka nyuma ya jikoni, wakaja mbio mabawa wazi, wakapigana juu yake. Jogoo alikanyaga vifaranga. Sijaona kuku wenye furaha namna hiyo.

"Mnaona?" nikasema. "Wameijua. Ni yao."

Mzee Zadock alianza kucheka, kikohozi kikamkata. Halafu akina mama wakaona maneno yalikuwa yanaelekea wapi.

"Unga tuliopewa tangu tuje," Rachael alisema taratibu. "Ulisagwa kutoka wapi?"

Mwanamke mmoja aligeuka akatapika kando ya ua wa maua.

"Huyu mwanamke anawachochea," Walter alisema. "Umejuaje ni ya kuku? Una maabara?"

Ningeweza kusema nimejua kwa pua. Lakini Sista Metrine alikuwa ametoka kwenye hema lake na kalamu mkononi, na alikuwa akinitazama, na nilijua kuwa kwa neno la pua tu wangepepeta, wangetwanga, na saa kumi jioni ningemziba Debra pua tena.

"Kwa sababu ni mimi niliyeiuza," nikasema. "Magunia haya mawili ni yangu. Huo ni mshono wangu. Yalinyeshewa, yakaoza, nikampa Wechuli nikimwambia ni ya kuku. Hata huo unga wa kwanza sina haja ya kuuona ukisagwa ili nijue ni wa omena ya namna hii. Nimeukoroga siku tisa, nikaunusa, nikajidanganya."

Rachael alitema mate. Hayakunigusa, lakini yalinuiwa.

"Unauza uozo," alisema, "halafu unakuja kulala na sisi."

"Ndiyo."

Sista Metrine alikuja, akaingiza mkono guniani bila glavu, akanusa, uso wake ukakunjamana kama karatasi. Alimwambia Walter, "Hayo magunia yasiguswe. Piga simu kwa hao waliokuletea. Sasa hivi, nikikusikia."

"Sista, mimi napokea tu, sikununua..."

"Na mimi nimekuwa nikiwaambia waongeze!" Sauti yake ilipasuka. "Piga simu." Kisha akatugeukia. "Kila mtoto anayeharisha aletwe hapa. Huo unga, mwageni shimoni."

Benta alimleta Debra. Mkanda ulizungushwa. Nyekundu. Ngozi ya tumbo Sista aliivuta kidogo, ikabaki imesimama kama kitambaa. Kule kambini watoto walikunywa chai ya rangi jioni ile, na wachache walipata ndizi kwa mwalimu mkuu, nilisikia baadaye. Sisi tulipandishwa pikipiki, dereva, Benta, mtoto, na mimi nyuma, tukaenda Kombewa kwenye matope. Nikiwa napanda, Walter alisema jina langu limeondolewa kwenye orodha ya kambi. Sikugeuka.

Hospitalini walimpa maziwa maalumu, vijiko vichache, baada ya saa mbili vichache tena. Hawakumziba pua. Daktari alisema ukimlazimisha unaweza kumuua kabla ya njaa. Siku ya kwanza alitapika yote. Siku ya pili nusu. Nilikaa chini kati ya vitanda, nikahesabu vijiko, ndiyo kazi niliyoijua.

Siku ya tatu asubuhi Benta alikuwa amempakata. Akauliza bila kuniangalia, "Mama. Ulipokuwa unashona yale magunia, ulijua?"

"Nilijua imeoza."

"Kwamba ingeliwa na watu?"

"Hilo sikujua." Nikafikiri. Yeye ni mtoto wa watu na alistahili kupewa yote. "Nilijua Wechuli si mtu wa kuulizwa maswali. Kwa hiyo sikumuuliza."

Hakunitukana. Alinyoosha mkono, akachukua kikombe na kijiko kutoka kwangu, akaanza kumlisha mwenyewe. Debra alifungua mdomo. Alimeza, akafungua tena.

"Nepi ziko kwenye beseni," Benta alisema.

Nilizibeba mpaka kwenye bomba nyuma ya wodi. Nilifungua ya kwanza nikiwa nimegeuza uso, kama nilivyokuwa nimezoea wiki ile. Halafu nikarudisha uso. Haikuwa maji. Ilikuwa nzito kidogo, ya manjano, na ilinuka maziwa yaliyochacha, harufu ya mtoto mchanga yeyote duniani. Nikainama, nikanusa tena, ili nisije nikajidanganya mara ya pili. Kisha nikafungua bomba, nikaanza kufua.