Noeli ya Mkono Mmoja

Tangu kiharusi kinipitie, mkono wangu wa kushoto umestaafu bila kuniaga. Upo, kila asubuhi unapakwa mafuta ya nazi, unavishwa bangili, lakini kazi hautaki. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni watu. Nikishika kitunguu, wananipokonya wakimenye wao. Nikianza kujifunga khanga, mtu ananifunga. Hata hadithi nikiianza, mdogo wangu Gaudens ananimalizia, tena vibaya, mwizi anamgeuza mtu mwema. Jengo letu zima hapa Mchafukoge lina huruma mpaka inakera.

Ndiyo maana nilimpandia Nayna, mwalimu wa kinanda anayekaa ghorofa ya juu yangu.

"Mwanangu," nikamwambia, "nifundishe wimbo mmoja wa Noeli. Niuanze mimi, niumalize mimi. Siku ya sikukuu niupige pale uani, wote wanione."

Nayna ni Mhindu, Krismasi si yake, lakini wanafunzi wake wengi ni watoto wa kanisani, na nyimbo hizo anazijua kuliko paroko. Akakaa chini, akaniandikia wimbo kwa ajili ya mkono wa kulia peke yake: kidole gumba kinabaki chini kikigonga besi, vidole vingine vinaimba huko juu. Kidole changu kidogo, ambacho tangu nizaliwe kazi yake ilikuwa kuchokonoa sikio, ghafla kikapewa cheo cha malaika.

Nilijifunza kwa jasho. Tatizo likawa mwalimu mwenyewe. Kila tukifika katikati, mkono wake wa kushoto unaingia kwenye kinanda taratibu, kama paka anayenyemelea jikoni.

"Nayna."

"Jamani, samahani Mama Candida. Nimesikia pako wazi."

"Pako wazi kwa sababu ni pangu."

"Najua, mama. Mkono umejiendea tu."

"Wako unajiendea, wangu hauendi hata ukiitwa. Mungu anisamehe, lakini kwenye kugawa hapa aliteleza."

Noeli ikafika. Gaudens akashusha kinanda cha Nayna uani, akapanga viti vya kukodi. Sitara, jirani wa chini, ambaye kila Idi mimi humsaidia kula na kila Krismasi yeye hunisaidia kupika, alikwisha kuivisha sufuria kubwa ya pilau ya kuku, na nyingine ndogo ya mboga tupu kwa ajili ya Nayna. Nikakaa na gauni langu jipya, Nayna pembeni yangu. Nikaanza.

Nilikuwa mstari wa pili tu niliposikia vigelegele. Sisi watu wa huku mtu akifurahi hakai na furaha yake, lazima amtunze mpigaji. Sitara akaja akicheza, akanivisha khanga mpya begani, pindo likaufunika mkono wa kulia, kisha mkono huo huo, nami sina mwingine, akaunyakua, akaubusu, akaunyanyua juu watu wauone.

"Hongera shoga yangu! Mkono wa dhahabu huu!"

"Urudishe, Sitara! Ndio unaopiga!"

Kinanda kikanyamaza. Watu wakapiga makofi, wakidhani nimemaliza.

"Sijamaliza! Kaeni!"

Nikaanza upya. Safari hii hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Nikavuka mstari wa pili, nikavuka wa tatu. Karibu na mwisho kuna mahali kidole gumba kinatakiwa kuruka mbali kidogo, nami nikachelewa. Mara nikasikia besi imekuja. Haikuwa yangu. Paka kaingia jikoni! Nikamchapa Nayna kofi la mkononi, na kwa kuwa mkono wangu wa kuchapa ndio huo huo wa kupiga, wimbo ukafia hapo.

"Nimeona umekwama, mama, nikasema nikusaidie!"

"Sikukwama! Nilikuwa njiani!"

"Dada, yatosha," Gaudens akasema kwa upole wake ule wa kuudhi. "Tumeshajua ulikuwa unaelekea wapi."

Wakacheka. Machozi yakanilenga, na machozi ya hasira yana chumvi kuliko ya msiba. Nikainama nisionekane, na hapo chini nikawa naitazama mikono yao. Mikono mizima, miwili miwili, imekaa mapajani haina shughuli. Nikasema, kumbe ugonjwa ni huu.

"Sitara, pakua."

"Na wimbo je?"

"Pakua kwanza. Gaudens, toa viti, vinabana. Watu watakula wamesimama."

"Dada, viti vimekodiwa hivi!"

"Toa."

Mtu anayekula pilau amesimama, mkono wa kushoto umebeba sahani na wa kulia una mafuta mpaka kwenye kiganja. Huyo hatunzi, habusu, wala hagongi besi. Nikangoja mpaka Sitara akawa na paja la kuku, Gaudens shavu limemjaa, na Nayna naye kaelemewa na sahani yake ya mboga. Nikakirudia kinanda.

Nikapiga. Pale pa kuruka nilichelewa tena, nikachelewa ninavyotaka mwenyewe, na besi ilipokuja ikaja yangu. Sauti ya mwisho nikaikandamiza mpaka ikafifia yenyewe. Nikageuka.

"Kachumbari imefichwa wapi?" Gaudens alikuwa anauliza.

Sitara akalamba vidole. "Haya shoga, tumeshiba. Sasa tupigie."

"Nimeshapiga."

"Lini?"

"Ulipokuwa na lile paja."

"Wimbo wote?"

"Mwanzo mpaka mwisho."

"Mama, mimi nilisikia kidogo," Nayna akasema, uso umemshuka. "Nilikuwa natafuta pilipili."

"Basi rudia, jamani, hatukusikia vizuri!" wengine wakadakia.

Na ile mikono, Mungu wangu, ilikuwa imeanza kunawa.

Nikazima kinanda, nikaomba chakula. Ulikuwa umebaki ukoko. Na ukoko unataka mikono miwili, mmoja wa kushika sufuria na mwingine wa kukwangua. Gaudens akaja mbio na mwiko.

"Ulete mwiko," nikamwambia. "Wewe baki huko huko."

Nikaibana sufuria kwa magoti, gauni jipya na masizi yake, nikakwangua.