Ndani ya Ukuta wa Wadlow

Kila Agosti ukoo wa Wadlow hukusanyika Hadwick, Massachusetts, kunywa supu ya chaza na kukumbushana jinsi ulivyo bora. Mlangoni mwa hema kila mtu hubandikwa utepe kifuani. Mwekundu ni uzao wa Jonathan, wa kijani ni uzao wa Samuel, wa bluu ni uzao wa William: wana watatu waliovuka bahari kutoka Uingereza na baba yao, Josiah Wadlow, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Waliooa au kuolewa katika ukoo hupewa utepe mweupe. Hao hula mwisho, na ndio waosha vyombo.

Mama yangu, Delfina, aliviosha vyombo hivyo mpaka mgongo ukapinda. Alikuwa binti wa Mreno muuza samaki wa New Bedford, na hakuna aliyemwacha asahau. Baba yangu, Everett, alikuwa mtu wa utepe wa bluu, mpole, asiyeweza kumkemea hata paka. Alimtazama mkewe akisugua masufuria, akasema, "Ndiyo desturi, mpenzi." Alipokufa alizikwa kwenye makaburi ya ukoo, ndani ya ukuta wa mawe. Mle hulala wa damu ya Wadlow tu. Wenye utepe mweupe huzikwa nje, upande wa barabara, hata kama mume au mke yuko ndani.

Kiangazi cha mwaka 1962 daktari alituambia mama hataiona Krismasi. Mama hakulia. Aliniomba jambo moja.

"Nilazwe na Everett, mwanangu. Sitaki kingine."

Nikaenda kwa shangazi Lavinia, dada yake baba, mwenyekiti wa ukoo. Nilimkuta sebuleni, amekaa wima chini ya picha za wazee wake.

"Shangazi, mama anaumwa."

"Nimesikia. Mpe pole."

"Anaomba azikwe karibu na baba."

"Nje nafasi tele. Pana kivuli kizuri cha mwaloni."

"Baba yuko ndani, shangazi."

"Na ndani ni kwa Wadlow. We mtoto, mume wangu mwenyewe nimemlaza nje, na nilimpenda kuliko baba yako alivyompenda huyo Mreno wake. Ulisikia nimepiga kelele?"

Nikaondoka kwa hasira. Nilijua mwanamke yule habembelezwi, anavunjwa. Na cha kumvunjia kilikuwa kimoja tu, huo ukoo wake.

Mimi ni mwalimu, na shule zilikuwa zimefungwa. Nilitoa akiba yangu nikapanda ndege hadi Uingereza, kwenye kanisa lile la kijijini Suffolk ambako babu yake Lavinia aliwahi kwenda kutafuta asili yetu. Yeye ndiye aliyeandika kitabu cha ukoo. Alikuta ubatizo wa William mwana wa Josiah, akashangilia, akafunga daftari la kanisa, akarudi Amerika. Ndilo kosa la watafuta mababu wote. Ukishampata mtoto anabatizwa, humtafuti tena kaburini. Nani anataka kumzika babu yake kabla hajazaa?

Mimi nilitaka. Nikafunua kurasa zilizofuata, nikamkuta. William mwana wa Josiah alizikwa majira ya baridi yaliyofuata, angali ananyonya. Kisha nikaenda kwenye nyumba ya kumbukumbu kuitazama orodha ya abiria wa meli waliyopanda. Josiah, mkewe, Jonathan, Samuel, na chini yao: "William, mtumishi." Mtoto wa kazi, asiye na jina la baba, aliyefika ng'ambo akajitwalia jina la bwana wake. Huyo ndiye mzee wa watu wote wa utepe wa bluu. Nilicheka peke yangu mpaka mtunza kumbukumbu akaja kuniangalia. Kwamba nami nilikuwa naanguka pamoja na shangazi, sikujali hata kidogo.

Nilirudi na picha za kurasa zile nikazitandaza mbele ya Lavinia.

"Mama azikwe ndani," nikamwambia, "na haya yataishia hapa kati yetu. Ukikataa, nitayasoma hemani."

Alizisoma kwa kioo cha kukuzia, akarudia, akarudia tena. Nakiri kwamba nilifurahi kumwona hivyo.

"Hakuna William mwingine?"

"Hakuna. Nimetafuta."

"Umetafuta vizuri. Kuliko babu." Akavua miwani. "Kwa hiyo unataka mama yako alale na baba yako."

"Hilo tu."

"Watalala pamoja. Nakuahidi. Nenda kapumzike."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Mama aliposikia alinikumbatia kwa mikono yake iliyobaki mifupa. Kesho yake, nilipokwenda kumchukulia dawa, Lavinia alikuja na karatasi ya ruhusa. Mama alitia saini bila kuuliza, akambusu wifi yake mkono.

"Ameniita Delfina," aliniambia jioni. "Hajawahi kuniita jina langu."

Wiki ile ile ukoo ukakusanyika. Lavinia alipanda jukwaani, akajibandua utepe wake wa bluu, akasoma kila kitu yeye mwenyewe, neno kwa neno. Watu wa bluu walipiga mayowe. Binamu Chester, wa utepe mwekundu, aligonga meza kwa kicheko.

"Kumbe miaka yote tunakula na watumishi! Haya, jikoni kule, vyombo vinawangoja!"

"Usinisumbue, Chester, njia ya jikoni naijua," shangazi alimjibu. "Kanuni ni kanuni. Asiye damu hakai ndani ya ukuta, awe hai, awe maiti. Tutaanza na ambaye ruhusa yake ipo."

Hata hapo sikuelewa.

Jumatatu mama alitaka apelekwe akaone mahali pake. Nilimfunga blanketi nikamweka garini. Tulipofika, wachimbaji walikuwa wanalipitisha jeneza la baba kwenye lango la mawe, limeoza upande mmoja, tope linadondoka. Lavinia alisimama kando na mwavuli. Niliruka garini nikamkimbilia.

"Shangazi, ni kaka yako!"

"Alikuwa kaka yangu. Hakuwa Wadlow. Wala mimi si Wadlow, umenionyesha mwenyewe. Kaburi langu nimeshalichagua, pale ng'ambo ya mtaro." Akanitazama bila chuki yoyote, na hilo ndilo lililoniuma. "Uliomba walale pamoja. Si ndivyo?"

Niliporudi garini, mama alikuwa amebandika uso kwenye kioo.

"Wanamtoa nani?"

"Baba."

Alilifuata jeneza kwa macho mpaka likafikishwa barabarani.

"Everett alikuwa na ndoto moja tu," akasema. "Kulala karibu na baba yake. Ndiyo maana sikuwahi kumlaumu kwa vile vyombo. Mimi niliomba niende kwake, mwanangu. Sikuomba afukuzwe kwa ajili yangu."

"Mama, sikujua."

"Nami nilitia saini ile karatasi ya kumfukua." Akageuza uso. "Nizikeni New Bedford, kwa watu wangu. Nitalalaje karibu na mtu niliyemfanyia hivi?"

Wengine wa utepe wa bluu waliweka wakili, na mahakama ikazuia makaburi mengine yasiguswe. Babu yangu bado yumo ndani ya ukuta, na baba yake, na babu yake. Aliyetolewa ni baba peke yake. Mama alifariki Oktoba, tukamzika New Bedford, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka alipo mumewe.